Sikukuu za Wahindu Bukoba na Muleba: mambo ambayo jirani anapaswa kuyajua

Kila mwaka, kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshika na watu wakianza kuulizia senene, baadhi ya majirani zetu huwasha taa ndogo mlangoni na dirishani. Hiyo ni Diwali, sikukuu ya taa, iliyo kubwa kuliko zote kwa Wahindu wengi wa Afrika Mashariki. Wengi wetu tumewahi kuona taa hizo au kupokea sahani ya peremende kutoka kwa mwenye duka, bila kujua kinachosherehekewa.

Makala hii inaeleza sikukuu hizo, jinsi zilivyofika kwetu, sheria inasema nini, na namna majirani wa dini tofauti wanavyoweza kushiriki bila mmoja kumkwaza mwingine. Tumeiandika kwa sababu jamii hii ni ndogo mkoani Kagera. Wanaoadhimisha Krismasi au Idd hawahitaji kumweleza jirani wanachofanya, lakini familia ya Kihindu huhitaji. Isipoeleweka, uvumi huchukua nafasi ya maelezo.

Mhindi si lazima awe Mhindu

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi wa Tanzania ni Waislamu: Waismailia wenye jamatkhana zao, Mabohora, Ithnaasheri na Wasunni. Wengine ni Masingasinga, wengine ni Wajaini, na Wagoa kwa sehemu kubwa ni Wakatoliki. Kumpongeza kwa Diwali kila mwenye duka mwenye asili ya India ni sawa na kumpongeza kila Mhaya kwa Idd. Wapo watakaofurahi, na wapo watakaoshangaa.

Katika Kiswahili cha zamani Wahindu waliitwa Mabaniani, jina la tabaka la wafanyabiashara. Methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" bado inasikika. Inakiri kwamba tunamhitaji mtu huyo, lakini papo hapo inamtukana. Ni vizuri kujua ina maana gani kabla ya kuitamka mbele ya mtoto wa jirani.

Walifikaje huku

Bukoba ilianzishwa kama kituo cha Wajerumani mwaka 1890, chini ya Emin Pasha. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli zikaunganisha bandari za Ziwa Victoria. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli hiyo, na wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Wafanyabiashara wengi waliofika kanda ya ziwa hawakuwa vibarua wa reli. Walikuja kwa gharama zao, hasa kutoka Gujarat, wakafungua maduka ya nguo, chumvi, mafuta ya taa na majembe, na kununua mazao.

Huku kwetu zao lilikuwa kahawa. Uhusiano wa mkulima na mnunuzi haukuwa mtamu siku zote. Mizani na bei vilileta manung'uniko, na chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilichoanzishwa mwaka 1950, ambacho leo tunakijua kama KCU, kilitokana na nia ya wakulima kuuza kahawa yao wenyewe.

Baadaye idadi yao ilipungua. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaifisha biashara kubwa, na sheria ya mwaka 1971 ikataifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zile zilizojulikana kama nyumba za Msajili. Agosti 1972, ng'ambo ya Mutukula, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Tanzania haikumfukuza mtu kwa asili yake, na Mwalimu Nyerere alilaani hatua ya Amin, lakini familia nyingi za Waasia wa hapa nazo ziliondoka miaka hiyo kwenda Uingereza, Kanada, India au Dar es Salaam.

Kwa sababu hiyo sikukuu hizi huadhimishwa na watu wachache kuliko zamani. Takwimu rasmi ya Wahindu haipo, kwa kuwa sensa zetu haziulizi dini tangu ile ya mwaka 1967.

Diwali ni nini hasa

Diwali hufuata mwezi, lakini si kama Ramadhani. Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka hadi ikazunguka misimu yote. Kalenda ya Kihindu nayo hurudi nyuma, kisha kila baada ya miaka takriban 3 huongezewa mwezi mmoja ili sikukuu zisitoke kwenye msimu wake. Ndiyo maana Diwali ilikuwa tarehe 12 Novemba mwaka 2023 na 20 Oktoba mwaka 2025, kisha mwaka 2026 inaruka mbele hadi 8 Novemba. Usiku wake mkuu ni ule usio na mwezi, na ndiyo sababu taa huonekana sana.

Sherehe huchukua siku 5. Siku za kwanza ni za kusafisha nyumba na kununua chombo kipya. Usiku wa tatu ndio Diwali yenyewe: huwashwa vitaa vya udongo viitwavyo diya, vyenye utambi wa pamba na samli au mafuta. Aliyekulia na koroboi ataelewa mara moja kinavyofanya kazi. Wengi hukumbuka kurejea kwa Rama katika mji wa Ayodhya baada ya miaka 14 ya uhamisho, pale wananchi walipomwangazia njia. Wengi pia humwomba Lakshmi, mungu wa kike wa neema na ustawi. Kwa Wagujarati mwaka mpya hufuata baada ya hapo, na kwa kalenda yao mwaka ulioanza Oktoba 2025 ni wa 2082. Siku ya mwisho ni ya kaka na dada.

Wafanyabiashara wa Kigujarati wana ibada moja ambayo hueleweka vibaya. Usiku wa Diwali huweka daftari jipya la hesabu mbele ya picha ya Lakshmi na kuliombea. Siku hizi wengine huweka hata kompyuta. Anayechungulia kutoka nje anaweza kudhani wanaabudu pesa, au kwamba utajiri wa duka unatokana na uchawi. Ukweli ni kwamba wanafunga hesabu za mwaka uliopita na kuombea baraka mwaka unaoanza, kama Mkristo anavyopeleka mbegu kanisani zikaombewe kabla ya kupanda.

Alama inayozua maswali

Juu ya daftari hilo au kwenye kizingiti huchorwa mara nyingi alama ya swastika, ambayo wengi tunaifahamu kutoka somo la historia kama nembo ya Hitler. Kwa Wahindu, Wajaini na Wabudha alama hiyo ina maelfu ya miaka, na jina lake kwa Kisanskriti linahusu heri na baraka. Wanazi waliichukua katika karne ya 20. Mwenye nyumba aliyeichora mlangoni anatamka heri kwa anayeingia, hana habari na Unazi.

Sikukuu nyingine

Navratri huja Septemba au Oktoba, wiki tatu hivi kabla ya Diwali. Ni usiku 9 wa kumtukuza mungu wa kike, na Wagujarati hucheza garba, ngoma ya kuzunguka duara huku wakipiga makofi, na nyingine ya vijiti. Desemba 2023 garba iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Holi huadhimishwa Februari au Machi, mwezi ukiwa mpevu. Usiku huwashwa moto, na kesho yake watu hupakana rangi. Desturi njema ni kumpaka aliyekubali tu.

Ganesh Chaturthi, Agosti au Septemba, humtukuza Ganesha mwenye kichwa cha tembo. Mwisho wake sanamu huzamishwa majini. Sanamu ya udongo mtupu huyeyuka, lakini ya plasta yenye rangi za viwandani huchafua maji. Kwa sisi tunaokunywa maji ya ziwa na kuvua humo, udongo ndio unaofaa.

Nyingi ya ibada hizi zinaweza kufanyika nyumbani, mbele ya rafu ndogo yenye picha na taa. Hivyo hata familia moja katika mji mdogo kama Muleba inaweza kusherehekea kikamilifu. Anayetaka kusali hekaluni pamoja na wengi anaweza kuvuka ziwa hadi Mwanza.

Sahani ya jirani

Mahali ambapo dini hukutana kila siku ni kwenye chakula, na jambo hilo si dogo. Februari 2013 huko Buseresere, mkoa jirani wa Geita, mgogoro wa nani mwenye haki ya kuchinja ulisababisha kifo. Ni vyema basi kuzungumza mapema.

Wahindu wengi hawali nyama ya ng'ombe, na wengi hawali nyama wala samaki kabisa. Senene nao wamo katika katazo hilo, hata kama msimu wao unaangukia Diwali na kwetu ni zawadi ya heshima. Usiudhike bakuli lako likirudi halijaguswa. Wapo pia wasiokula kitunguu wala kitunguu saumu. Zawadi zinazopokelewa karibu kila nyumba ni mkungu wa ndizi, parachichi, matunda mengine na akamwani. Ukimkaribisha jirani mezani, ebitoke kwa maharage yaliyoungwa kwa samli, bila dagaa na bila kipande cha nyama ndani ya sufuria, ni chakula kamili. Rubisi usiisogeze bila kuuliza.

Upande wa pili, Mhindu anayegawa peremende ajue kwamba baadhi ya Wakristo na Waislamu hawali chakula kilichokwisha kutolewa mbele ya mungu wa dini nyingine. Chakula hicho huitwa prasadi. Njia rahisi ni kutenga sahani mbili, moja ya ibada na moja ya majirani, na kusema wazi ipi ni ipi. Asiyekula naye apokee kwa mikono miwili, ashukuru, na aseme ukweli kwa upole. Watanzania tumezoea kupika sufuria ya pembeni ili kila mgeni ale, na ustaarabu huo unatosha hapa pia.

Sheria inasema nini

Katiba inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyofungamana na dini, na ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani. Hata hivyo, siku za mapumziko ya kidini kitaifa ni za Kikristo na za Kiislamu: Krismasi na siku inayofuata, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, Idd mbili na Maulidi. Diwali haimo. Kenya imechagua njia ya kati: sheria yake inaitambua Diwali kuwa mapumziko kwa Wahindu peke yao. Morisi, ambako Wahindu ni wengi, nchi nzima hupumzika.

Kwetu, mfanyakazi Mhindu anayetaka siku hiyo huiomba katika likizo yake ya mwaka, ambayo kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni siku 28. Sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini. Kwa wanafunzi hali ni ngumu zaidi. Mwaka 2023 Diwali iliangukia wiki zile zile za mtihani wa kidato cha nne, na mtihani hauahirishwi. Kwa siku za masomo ya kawaida, mzazi aandike barua mapema, na mwalimu mkuu aipokee kama ambavyo angepokea barua ya mzazi mwingine yeyote.

Neno kuhusu fataki

Diwali duniani huambatana na fataki. Polisi hukumbusha mara kwa mara kwamba fataki zinahitaji kibali. Kagera ina sababu zake za ziada. Wapo wazee waliosikia mizinga ya mwaka 1978 na 1979, na wapo waliokimbia nyumba zao katika tetemeko la 10 Septemba 2016, ambalo liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa maelfu ya nyumba. Mlipuko wa ghafla usiku unaweza kuwarudisha huko. Anayepanga kulipua fataki apate kibali na awaarifu majirani, au aridhike na taa, ambazo ndizo kiini cha sikukuu.

Salamu

Usiku wenyewe unaweza kusema "Shubh Diwali", yaani Diwali njema. Siku ya mwaka mpya Wagujarati husema "Saal Mubarak". Neno la pili hapo ni la Kiarabu, ndilo lile lile tunalolisikia katika "Idd Mubarak", na aliyekulia Bukoba au Muleba hatapata shida kulitamka.