Nyundo kwa mtoto

Jana nilimpokonya mpwa wangu nyundo, nikampa gari la plastiki. Akalia.

Nikakumbuka Emdrup, Copenhagen. Mwaka 1943, Denmark ikikaliwa na Wajerumani, ulifunguliwa pale uwanja wa watoto uliotokana na wazo la msanifu wa bustani C. Th. Sørensen. Alikuwa ameona watoto wakivutiwa na maeneo ya ujenzi kuliko viwanja vilivyopambwa. Wakapewa mbao chakavu, matofali, nyundo za kweli. Mlezi, John Bertelsen, aliwaacha wajijengee. Mwaka 1946 Lady Allen wa Hurtwood akauona, akalipeleka wazo Uingereza.

Sisi tulitengeneza magari ya waya, matairi ya kandambili tukiyakata kwa wembe, bila mlezi.

Wadau, nilimlinda mtoto au uvivu wangu? Leo namrudishia nyundo. Nitakaa naye.