Kabla Hujakopa Kununua Taa Tatu za Studio, Soma Hii Historia

Wacha niseme wazi: kijana anayeanza kazi ya picha hahitaji seti ya taa tatu. Anahitaji flashi moja, mwavuli mmoja mweupe na stendi. Lakini ukiingia dukani leo utaambiwa uchukue seti kamili, na wasee wengi wanachukua mkopo wa simu kuilipia kabla hata ya kupata mteja wa kwanza. Riba inaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, na taa mbili zinaishia chini ya kitanda. Mimi nafanya kazi na flashi moja, na sababu zangu nimezitoa kwa historia ya hii kitu inaitwa flashi.

Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwanga wa kwanza wa kubeba ulikuwa moto. Mwaka wa 1864, mjini Manchester, Uingereza, Alfred Brothers alipiga picha kwa kuchoma magnesiamu. Mwaka uliofuata Charles Piazzi Smyth, mwanafalaki kutoka Scotland, aliichoma ndani ya Piramidi Kuu kule Misri ili apige picha mahali ambapo jua halifiki. Ilikuwa bei ghali na ilijaza moshi chumba kizima, lakini jambo moja likawa limethibitishwa: unaweza kwenda na mwanga wako.

Mwaka wa 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesiamu na kemikali nyingine ili ulipuke mara moja. Habari hiyo ilimfikia Jacob Riis, mwandishi wa habari za polisi mjini New York. Riis hakuwa mpiga picha. Alikuwa mhamiaji kutoka Denmark aliyekuwa amechoka kuandika kuhusu vyumba vya maskini bila watu kuamini anachosema. Akaanza kuingia humo usiku na ule unga. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwahi kuwasha nyumba moto mara mbili na kujichoma yeye mwenyewe mara moja. Mwaka wa 1890 akatoa kitabu, How the Other Half Lives, na matajiri wa New York wakalazimika kuona majirani wao wanavyoishi.

Angalia hapo. Mwanga wa Riis ulikuwa mkali, unaparua, hauna ulaini wowote. Ukiuweka kwa shindano la picha leo utachekwa. Lakini alijua anautaka wa kazi gani. Hiyo ndiyo nguvu iliyobeba zile picha.

Kufikia 1930 Wajerumani walikuwa wameleta balbu za flashi: karatasi nyembamba ya alumini ndani ya glasi iliyojaa oksijeni. Usalama ukapatikana, lakini kila balbu ilikuwa ya picha moja tu, halafu inatupwa. Yaani kila ukibonyeza, pesa imeenda. Ukiwa na balbu kumi, ulikuwa unafikiria mara mbili kabla ya kubonyeza.

Kisha akaja Harold Edgerton, mhandisi wa umeme pale MIT, Marekani. Mwaka wa 1931 alikuwa anachunguza mota zinazozunguka kwa kasi, akitumia taa inayowaka na kuzima kwa muda mfupi ajabu. Kanuni yake ndiyo iko kwa flashi unayotaka kununua: kapasita inajazwa umeme, halafu inaumwaga wote kwa mpigo ndani ya bomba la gesi. Na bomba hilo linarudia tena na tena. Tangu hapo, gharama ya kuongeza picha moja zaidi ikawa karibu sifuri.

Sasa twende Bamako, Mali, kwa sababu hii si hadithi ya wazungu peke yao. Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka wa 1948. Mara nyingi alipiga picha uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake. Malick Sidibé naye alibeba kamera nyepesi na flashi, akazunguka sherehe za vijana usiku. Picha yake ya Krismasi ya 1963, ya vijana wawili wakicheza dansi, inajulikana dunia nzima. Mwaka wa 2003 alipewa tuzo ya Hasselblad, na 2007 akapewa Simba wa Dhahabu kule Venice, Mwafrika wa kwanza kuipata kama mpiga picha. Kwani ni taa ngapi zilimfikisha huko?

Mabadiliko ya karibuni zaidi yalianza 2006. David Hobby, mpiga picha wa gazeti mjini Baltimore, alianza kufundisha bure mtandaoni: toa flashi ndogo juu ya kamera, iweke kwa stendi, ipangie nguvu kwa mkono. Watu wakagundua kumbe studio inaingia kwa mkoba. Baadaye kampuni za China kama Godox na Yongnuo zikatoa flashi za bei nafuu, nyingine zikiwa na redio ndani.

Kwa hivyo unachagua aje? Hii ndiyo hesabu yangu.

Kwanza, kazi yako iko wapi? Kama ni harusi, mitaani na nyumbani kwa watu, chukua flashi ndogo ya betri. Stima ikipotea, wewe unaendelea. Kama una chumba chako chenye soketi, taa ya studio ya jouli 300 inatosha kabisa.

Pili, usidanganywe na nguvu. Muuzaji atakuambia jouli 600 ni mara mbili ya 300. Ni kweli, lakini kwa kamera hiyo ni hatua moja tu, kama kufungua lensi kutoka f/8 hadi f/5.6. Ukisogeza taa kutoka mita 2 hadi mita 1.4 kutoka kwa mteja, umepata hatua hiyo hiyo, na hujalipa shilingi. Na taa iliyo karibu inalainisha kivuli zaidi.

Tatu, angalia kishikio. Bowens ilikuwa kampuni ya Uingereza iliyoanza 1923 na kufungwa 2017. Kampuni imekufa, lakini kishikio chake bado kinatumiwa na watengenezaji wengi. Ukinunua taa ya kishikio hicho, softiboksi yako ya leo itaingia kwa taa ya kesho hata ikiwa ya kampuni nyingine. Kishikio cha peke yake kinakufunga kwa duka moja.

Nne, mtumba ni sawa, lakini kuwa macho. Flashi za zamani, kwa mfano baadhi ya Vivitar 283 za mwanzo, zinarudisha zaidi ya volti 200 kwenye kamera. Kamera ya kidijitali inaweza kuungua hapo hapo. Ipime, au tumia triga ya redio inayostahimili volti hizo.

Najua kuna mtu atasema wateja wanaheshimu taa kubwa. Ni kweli, siku ya kwanza. Siku ya pili wanaangalia picha. Bibi harusi hatamwonyesha shangazi yake stendi zako, atamwonyesha uso wake.

Miaka zaidi ya 150 imefanya mwanga uwe rahisi, salama na wa bei ya chini. Wewe usiurudishe kuwa ghali kwa kuukopea. Nunua flashi moja kwa pesa ulizonazo, ijue kwa pembe zote, kwa umbali wote, kwa ngozi za watu wetu wote. Taa ya pili isubiri. Ukipata wateja watano waliolipa, kazi yao itakuambia hiyo ya pili ni ya nini, na pesa zao ndizo zitainunua.