Mlima Kenya ni Ngazi, na Vidato vya Chini Ndivyo Tumekula

Nianze na ubishi nilioshindwa. Mwaka jana tulipanda Mlima Kenya tukiwa watu wanne, tukaingilia geti la Sirimon, ule upande wa Nanyuki. Nilikuwa nimewaahidi wenzangu kwamba tutapita katikati ya msitu wa mianzi na video itakuwa noma. Tukatembea hadi kambi ya kwanza, mianzi hakuna. Mierezi ipo, podo ipo, halafu vichaka, halafu baridi. Nilichekwa usiku mzima. Nikamuuliza mzee aliyekuwa akituongoza mianzi imeenda wapi, naye akanijibu tu, "Ngoja tushuke, kijana." Siku ya kushuka tulipitia Chogoria, upande wa mashariki, na huko tulitembea ndani ya mianzi mpaka nikachoka kuipiga picha.

Mlima ni mmoja, jua ni lile lile, kwa nini miti haifanani? Nilirudi mtaani na hilo swali, na likanipeleka kwenye historia ambayo shuleni hatukufunzwa.

Kwanza tuelewane jinsi mlima ulivyopangwa. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kwa karibu digrii 6. Kwa hivyo miti inajipanga kwa tabaka, kama ngazi. Chini kabisa, upande wa kusini na mashariki, upepo kutoka Bahari ya Hindi unagonga mlima na kumwaga mvua, na hapo ndipo nyumbani kwa mti wa kafuri, ambao Wakikuyu huuita muthaiti, mti mkubwa ajabu. Kaskazini mvua haifiki vile, kwa hivyo kidato hicho hicho kinakaliwa na mwerezi, mutarakwa, pamoja na zeituni ya porini. Kuanzia kama mita 2,400 hadi 3,000 kuna mianzi, lakini mianzi inataka maji, ndiyo maana Sirimon niliaibika. Juu ya mianzi kuna Hagenia, mumondo, mti wenye magome mekundu yanayobambuka na ndevu za kuvu zinaning'inia kwenye matawi utadhani ni wazee wa baraza. Baada ya hapo miti inaisha. Inabaki vichaka, halafu zile lobelia na senesio kubwa ambazo kila mtu hupiga nazo selfi.

Sasa, hizi ngazi hazijakaa hapo tangu Adamu. Kaskazini mashariki mwa mlima, upande wa Meru, kuna ziwa dogo ndani ya kreta linaloitwa Sacred Lake, kwenye mita kama 2,350. Miaka ya 1960 mtafiti kutoka Afrika Kusini, Coetzee, alichunguza tope la chini ya hilo ziwa. Tope linalala tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limehifadhi chavua ya mimea iliyokuwa karibu wakati huo. Ni kama kusoma meseji za zamani ambazo hakuna aliyezifuta. Zikaonyesha kwamba enzi ya barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, pale penye msitu mnene leo palikuwa na vichaka vya baridi, vile tunavyoviona juu sana siku hizi. Ngazi nzima ilikuwa imeteremka kama mita 1,000. Dunia ilipopata joto, miti ikarudi juu, mbegu baada ya mbegu, kizazi baada ya kizazi.

Hapo mimi nilinyamaza kidogo. Tunasema mti hauna miguu, kumbe msitu unahama. Ila unahama polepole, na unahitaji njia.

Njia ndiyo tuliyoifunga, na kazi hiyo ilianza na Mwingereza. Kuanzia mwaka 1910 hivi kukaletwa mpango wa shamba: mkulima anapewa kipande cha msitu uliokatwa, analima mahindi na viazi huku akitunza miche ya serikali, miche ikikua anahamishwa. Na miche yenyewe ilikuwa ya wageni, saipresi kutoka Mexico, misonobari kutoka Marekani, mikaratusi kutoka Australia. Ilikuwa ikikua upesi, imenyooka, rahisi kuipigia hesabu. Mwaka 1932 msitu wa Mlima Kenya ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya msitu, na usidanganywe na neno hifadhi. Kwa idara ya misitu ya wakati huo, msitu ulikuwa stoo ya mbao.

Halafu ikaja 1949, mwaka ambao kwangu ndio moyo wa hadithi yote. Serikali ya kikoloni ikaunda mbuga ya taifa ya Mlima Kenya. Unajua walichora mpaka wapi? Karibu mita 3,200, ukitoa vipande viwili vidogo kando ya njia za Sirimon na Naro Moru. Yaani ulinzi mkali ulianza pale miti inapoishia. Barafu, mawe na vilele ambavyo wageni walikuja kupanda vilipata mbuga. Kafuri, mierezi na podo zikabaki upande wa msumeno.

Miaka michache baadaye misitu hiyo hiyo ikawa uwanja wa vita. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliongoza wapiganaji wa Mau Mau Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954. Wapiganaji walijua kila kidato cha ngazi kina faida gani, wapi kuna asali, wapi mianzi inaficha moshi. Waingereza wakadondosha mabomu kutoka kwa ndege, na wanakijiji wakalazimishwa kuchimba handaki kando ya msitu ili chakula kisiingie. Huo mpaka kati ya shamba na msitu ulichimbwa kwa jasho la nyanya zetu.

Uhuru ukaja na ramani ikabaki ile ile. Hapa sitamlaumu mkoloni peke yake, maana tulikuwa na muda wa kuibadilisha. Mwaka 1986 tukapata Nyayo Tea Zones, ukanda wa majani chai wa kuzuia watu wasiingie msituni, na mahali pengi ukuta wenyewe ulipandwa palipokuwa na msitu. Mwaka 1999 shirika la wanyamapori, KWS, likakagua mlima kwa ndege. Waliona mikafuri iliyokatwa kwa maelfu, tanuri za makaa, na mashamba ya bangi katikati ya msitu wa asili. Hapo ndipo ulinzi ukateremshwa: mwaka 2000 msitu wenyewe ukawekwa chini ya KWS. Miaka 51 baada ya barafu kulindwa, mti ukakumbukwa. Na barafu yenyewe sasa inayeyuka tukiiona, Lewis Glacier imebaki kipande tu.

Kwa nini nawasumbua na haya? Kwa sababu tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa likizo nchi nzima tukapande miti, na lengo ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Nilienda. Nilipanda miche 10 kwenye kilima kimoja nje ya Nairobi, nikapiga picha, nikaposti, mkanipa laiki nyingi sana. Hakuna aliyetuuliza pale ni mita ngapi, wala mvua inatoka upande gani, wala kilikuwa kidato cha mti gani kabla hakijakatwa. Tulipewa saipresi. Mimi mwenyewe sikuuliza, kwa hivyo hapa najisema pia.

Joto linapanda tena na miti inahitaji kupanda nalo, kama ilivyofanya baada ya barafu. Lakini mlima ni koni, kadiri unavyopanda ndivyo nafasi inavyopungua, na huko chini tumeweka chai, viazi na saipresi mahali ambapo mbegu ya kafuri ingeanzia safari.

Mwaka huu nikipewa mche nitauliza jina lake na kidato chake kabla ya kushika jembe. Kama aliyenipa hajui, nitampigia yule mzee wa Sirimon, namba yake bado ninayo.