Kupima nguvu ya ini bila kupasua: kipimo cha kweli na kile cha mnadani

Minadani na kwenye stendi za mabasi hupita watu wenye kompyuta ndogo na kijichuma cha kushika mkononi. Unaambiwa ushike dakika moja tu, na sumaku itasoma ini, figo na moyo. Kipimo cha ini kwa sumaku kipo kweli, lakini si hicho.

Ini hutumia nguvu gani?

Ini huhifadhi sukari, huondoa sumu na hutengeneza protini za damu. Kazi hizo zinahitaji kemikali iitwayo ATP, ambayo ni kama chaji ya simu. Ikitumika, kipande chenye fosforasi hukatika. Chakula na hewa tunayovuta hukirudisha, na chaji inajaa tena.

Sumaku inasomaje?

Mgonjwa hulala ndani ya mashine ya MRI. Sumaku yake, kwa kawaida ya tesla 1.5, ina nguvu zaidi ya mara 20,000 kuliko sumaku ya dunia. Mashine hutuma mawimbi ya redio, na fosforasi iliyo ndani ya ini huyajibu kwenye megahezi 26 hivi. Redio za FM ziko kati ya megahezi 88 na 108.

ATP hujibu mahali pake, na fosforasi iliyokatika hujibu pembeni kidogo, kama stesheni mbili zilizo jirani. Ukubwa wa sauti ya kila moja huonyesha kiasi chake. Hakuna kupasua, wala mionzi ya eksirei.

Kipimo kimeonyesha nini?

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliwapa watu wachache sukari ya matunda kupitia mshipa. Sukari hiyo hulilazimisha ini kutumia ATP nyingi kwa haraka. Baada ya saa moja, maini ya watu wazima wa afya yalikuwa yamejichaji tena. Ya wagonjwa wenye mafuta na uvimbe kwenye ini yalikuwa bado.

Kinapatikana hospitalini?

Kipimo hiki bado ni cha watafiti zaidi. Kinahitaji antena maalumu ya fosforasi na programu yake, wakati MRI nyingi za hospitali hupiga picha tu. Sasa jiulize: ikiwa sumaku nzito ya kujaza chumba inahitaji antena maalumu ili isikie ini, kijichuma cha mkononi kitasikia nini?

Ufanye nini hapa Ruvuma?

Hatari ya kipimo cha mnadani si kupoteza hela tu. Virusi vya homa ya ini B hukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Ukiambiwa "ini lako safi", utarudi nyumbani na ugonjwa wako. Ukiambiwa "limechafuka", utauziwa dawa usizozihitaji.

Nenda kituo cha afya au hospitali, uulizie kipimo cha homa ya ini B, vipimo vya damu vya ini, na altrasaundi daktari akiona inafaa. Macho yakiwa ya manjano, tumbo likijaa maji au ukitapika damu, usisubiri kesho.