Jukurrpa kwa Kiswahili: Chimbuko

Kwa Wawarlpiri wa katikati ya Australia, jukurrpa ni wahenga waliotoka ardhini wakaiumba nchi kwa safari zao, na papo hapo ni njia walizopita, sheria walizoacha, nyimbo na michoro ya hayo yote. Kiingereza kililiita jambo hili kwa neno la ndoto, na watafsiri wetu wakafuata: "wakati wa ndoto". Mimi nalikataa. Ndoto ni ya mtu mmoja na kukicha imekwisha. Jukurrpa ni ya ukoo, nayo ingali ikiendelea.

Napendekeza "chimbuko". Kinachochimbuka hutoka chini, na tayari tunasema chimbuko la mto na chimbuko la ukoo. Basi mchoro maarufu uliochorwa mwaka 1971 kwenye ukuta wa shule ya Papunya, ambao ndio uliofungua njia kwa wachoraji wa jangwani, uitwe Chimbuko la Sisimizi wa Asali.

Neno hili linabeba pia suala la haki. Kwa Wawarlpiri, mtu ni kirda, mwenye chimbuko, kwa upande wa baba. Kwa upande wa mama ni kurdungurlu, msimamizi anayehakikisha mambo yanafanywa sawasawa. Alama zenyewe hazimpi mgeni shida: umbo la U ni mtu aliyeketi, maana ndiyo alama anayoacha mchangani, na miduara iliyozungukana yaweza kuwa kisima au kambi. Lakini ni kisima kipi, na nani aliketi hapo? Hiyo ni elimu ya ukoo, na sehemu yake haitolewi nje.

Tazama kazi ya mchoraji Emily Kame Kngwarreye wa Utopia, jangwani huko huko, aliyeshika turubai akikaribia miaka 80. Mwaka 1995 alichora kiazi kikuu cha kwao: mistari myeupe juu ya weusi, inayopindana kama mizizi, kwa upana wa mita 8 hivi. Kame, jina lake mwenyewe, ni mbegu za kiazi hicho. Ukiandika "ndoto ya kiazi" umemwondoa yeye na wazee wake mchoroni.

Mwandishi alitaje kwanza neno la wenyewe, kisha aendelee na chimbuko. Wapitjantjatjara husema tjukurpa, Waarrernte husema altyerre, na kila jamii ina haki ya kuitiwa lake.