Dirisha la Makasisi Wanne: Kumbukumbu ya Waliopotea Baharini

Katika makanisa kadhaa ya Marekani, na katika makao makuu ya jeshi la nchi hiyo, yapo madirisha ya vioo vya rangi yanayowakumbuka makasisi wanne wa jeshi waliokufa maji pamoja na mamia ya askari na mabaharia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mmoja wao alikuwa Padre John P. Washington, wa Jimbo Kuu la Newark. Wenzake walikuwa Rabi Alexander Goode na wachungaji wa Kiprotestanti George L. Fox na Clark V. Poling.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari 1943, meli Dorchester, iliyokuwa ikielekea Greenland ikiwa na watu 902, ilishambuliwa na nyambizi ya Kijerumani. Makasisi hao waligawa majaketi ya kuokolea maisha. Yalipokwisha, walivua ya kwao wakawapa wengine, bila kuuliza dini ya mtu. Walionusurika walisimulia kwamba waliwaona mara ya mwisho wameshikana mikono wakisali, meli ikizama. Waliookolewa ni 230. Waliofariki ni 672.

Wengi wa marehemu hao hawana kaburi. Hapo ndipo tunapoelewa kazi ya dirisha la namna hii: huwapa ndugu mahali pa kusimama na kusali, karibu na Altare ambapo sadaka ya Kristo huadhimishwa kwa ajili ya wazima na wafu.

Tukumbuke, hata hivyo, kwamba dirisha halimtangazi mtu kuwa mtakatifu. Hukumu hiyo ni ya Kanisa, ambalo tangu mwaka 2017, kwa barua ya Baba Mtakatifu Fransisko, linatambua pia kutoa uhai kwa hiari kwa ajili ya wengine kuwa njia ya kuelekea kutangazwa mwenye heri. Kwa hiyo hatuishii kuwasifu marehemu; tunawaombea.

Nasi tunao wapendwa waliomezwa na bahari au ziwa, wasipatikane. Tusidhani kwamba bila mwili hakuna ibada: Misa ya kuwaombea marehemu huadhimishwa hata pasipo jeneza. Kitabu cha Ufunuo (20:13) chatufundisha kwamba bahari itawatoa wafu wake. Basi tuyapeleke majina yao parokiani, yatajwe mbele ya Mungu asiyempoteza mtu.