Mwenendo wa Binadamu katika Falsafa ya Ujamaa

Mwenendo wa binadamu katika falsafa ya Ujamaa ni maelezo ya sababu za watu kushirikiana au kunyonyana, aliyoyatoa Julius Nyerere katika kijitabu cha Aprili 1962, miezi michache baada ya kujiuzulu uwaziri mkuu wa Tanganyika. Hoja kuu ni kwamba mwenendo hutokana na mtazamo wa mtu, si wingi wa mali yake: tajiri aweza kuwa mjamaa, na fukara akawa bepari kwa tamaa. Chimbuko la mtazamo huo ni malezi ya ukoo wa jadi.

Azimio la Arusha la 1967 lililegeza msimamo huo, ingawa halikutamka hivyo. Masharti yake yaliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Katika Magomeni na Temeke, sehemu za Dar es Salaam ambako nyumba za vyumba vinavyotazamana ukumbini zilikuwa kitegauchumi cha kawaida, maana ya katazo la kupangisha ilieleweka: apokeaye kodi kila mwezi hafikiri kama mpangaji.

Wanamaksi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hasa Issa Shivji katika maandishi ya 1970 na 1976, walieleza mwenendo wa viongozi kwa tabaka lao, si kwa nia zao. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, *Kichwamaji* (1974), ilishika swali ambalo pande zote mbili zililiacha: mtu aliyekosa maana ya kuishi.

Chama tawala, CCM, kililegeza masharti hayo ya Azimio la Arusha kwa viongozi katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991.